Vumbi Jekundu la Kimulot

Mkija hapa kwangu Merigi na kamera zenu mpya shingoni, swali lenu huwa ni lile lile: Mzee, nikitaka kupiga picha ya kitu kidogo kabisa, mdudu asiyeonekana vizuri kwa macho, ninunue nini? Nami huwatilia chai kwanza. Nikinyamaza huku mnakunywa, mnadhani ninajaribu kukumbuka majina ya lenzi. Sivyo. Ninakumbuka mistari minne ya michai kule Kimulot, na mama mmoja aliyesimama mwisho wa mistari hiyo siku mashina yake yalipong'olewa. Leo nitawajibu swali lenu, lakini mnivumilie, maana siwezi kulijibu bila kupitia kwake.

Karibu miaka ya tisini yote nilikuwa mpiga picha wa kituo kidogo cha mafunzo ya kilimo, nje kidogo ya mji wa Kericho. Msikitafute, kilifungwa zamani na sasa nyasi zimefika mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kupiga slaidi, zile picha ndogo za filamu ambazo humulikwa ukutani, za wadudu na magonjwa ya chai. Mkulima alikuwa anakuja darasani, taa zinazimwa, na mdudu ambaye kwake shambani ni nukta anatokea ukutani akiwa na ukubwa wa ndama. Siku ya kwanza nilipoonyesha kidukari, akina mama wa mstari wa mbele walirudisha viti nyuma. Mmoja alivua kitambaa cha kichwa akakikung'uta. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Baba Nyambura, mwenye studio mjini Kericho. Alitoka Nyeri akiwa kijana na akazeekea kwetu, akitupiga picha za harusi, za vitambulisho na za watoto wanaobatizwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi yalikuwa ya kukutania. Nilipokwenda kwake mara ya kwanza kuomba anifundishe, sikupewa kamera. Alinipa kioo kidogo cha kukuzia, kimefungwa kamba ya kiatu, akaniambia nikivae shingoni na nikaangalie jani la sukuma wiki kwa wiki nzima. Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Nilirudi baada ya siku saba nikamweleza nilichoona, vinyweleo, mayai, vidukari vikinyonya, na hapo ndipo akanifungulia mlango wa chumba cha giza.

Yeye ndiye aliyenionyesha kwanza kwamba lenzi inaweza kugeuzwa. Alichomoa lenzi ya kawaida ya milimita hamsini, hii ambayo kamera zetu zote zilikuja nayo, akaigeuza kinyumenyume na kuishikilia kwa mkono mbele ya kamera. Akaniambia niangalie. Kucha ya kidole changu ilijaza dirisha lote la kamera. Alinieleza kwamba lenzi hiyo imetengenezwa ili ichukue kitu kikubwa kilicho mbali na kukiweka kidogo kwenye filamu, kwa hiyo ukiigeuza inafanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa pili. Pete ya chuma ya kuishikiza ikiwa imegeuzwa haikuwa ghali. Na ukitaka kukuza zaidi, unaweka pete tupu za kurefusha kati ya lenzi na kamera, pete zisizo na kioo ndani, kazi yao ni kuisogeza lenzi mbali na filamu. Kadiri lenzi inavyokwenda mbali, ndivyo kitu kinavyokuwa kikubwa.

Mnaona ilivyo rahisi. Mimi rahisi haikunitosha. Nilipoajiriwa kituoni nilitaka mvukuto.

Mvukuto ni kifaa cha kurefusha pia, lakini badala ya pete ni mfuko mweusi uliokunjwa kama kinanda cha mkono, unaoteleza juu ya reli. Unaufungua kadiri unavyotaka, na unaweza kukuza kitu mara nne, mara tano ya ukubwa wake. Niliandika barua tatu za kuomba kununuliwa mvukuto, na ya tatu ilikubaliwa, nadhani kwa kuchoshwa na mimi. Ulipatikana Nairobi, umetumika, na kona moja ilikuwa na tundu la kuvujisha mwanga. Nililitafuta kwa kuingiza tochi ndani katika chumba cha giza, nikaliziba kwa plasta ya kidonda. Ukinunua mvukuto wa mtumba fanya hivyo hivyo kabla hujapoteza filamu. Ukinunua lenzi ya mtumba, imulike kwa nyuma uangalie kama kuna nyuzi nyeupe za ukungu, kwa sababu huku kwetu unyevu unakula vioo kama unavyokula mkate. Mimi nilizihifadhi zangu ndani ya debe lenye mchele mkavu, na mke wangu alikuwa akiniuliza kama tutapika mchele au lenzi.

Huyo mke wangu ndiye wa kwanza kuonyeshwa mvukuto. Nilimwekea punje ya chumvi mezani, nikamwambia achungulie. Alichungulia sana, akaniambia ni nzuri, kama kipande cha barafu. Kisha akainua kichwa akauliza, "Na hiyo chumvi ingine iko wapi?" Nilicheka. Nilimweleza kwamba haiwezi kuonekana yote, mashine inaona punje moja tu. Alirudi jikoni, nami sikulifikiria tena swali lake mpaka nilipochelewa.

Sasa nije Kimulot. Ilikuwa mwezi wa pili, na mvua ambayo kwetu hunyesha alasiri bila kuombwa ilikuwa imepotea tangu Krismasi. Afisa wa shamba, kijana aliyekuwa amehamishiwa kwetu miezi michache tu, alikuja kituoni na habari nzito. Chai ya mjane mmoja kule Kimulot ilikuwa inageuka rangi ya kahawia, na yeye alihofia ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Mliolelewa na chai mnajua maana yake. Ugonjwa huo unakwenda chini ya udongo kutoka mzizi hadi mzizi, na ukishathibitishwa, mashina yanang'olewa, yaliyougua pamoja na majirani yake yaliyo mazima, na mizizi inachomwa. Kamati ya wakulima ingekaa kuamua. Afisa alitaka picha za karibu za majani ili kamati ione kama ni wadudu au ni ugonjwa.

Mjane mwenyewe tulimwita Bot Cherono, yaani mama yake Cherono. Yeye na mumewe walikuwa wamebeba miche kichwani kutoka kitaluni, safari baada ya safari, na mume alifariki kabla michai haijafika magotini. Chai ile ndiyo iliyosomesha watoto, ndiyo iliyokuwa kiinua mgongo chake, na hakuwa na nyingine. Nilipofika alinipokea langoni kwa heshima kubwa, akaangalia sanduku langu la vifaa kama mtu anayeangalia mkoba wa daktari. Alinitembeza katikati ya mistari polepole. Majani ya zamani yalikuwa yamepauka na kuwa ya kahawia, na juu yake, kandokando ya mshipa wa katikati, kulikuwa na vumbi jekundu.

Tuliongea Kipsigis, lakini neno hili nitalitafsiri jinsi lilivyo. Aliniambia, "Weri, hii vumbi si ya barabara. Wiki hii yote hakuna gari imepita hapa, na nikipangusa leo, kesho imerudi." Weri ni kijana wa kiume, na mama zetu hukuita hivyo hata ukiwa na ndevu.

Nilimjibu, ndiyo mama. Barabara ya murram, ile changarawe nyekundu, ilikuwa hatua kumi kutoka tuliposimama. Miguu yangu ilikuwa myekundu, suruali yangu ilikuwa nyekundu, kuku wake weupe walikuwa wekundu. Katika nchi ya udongo wetu, nani ataangalia vumbi jekundu mara ya pili wakati wa kiangazi? Kioo cha Baba Nyambura kilikuwa shingoni mwangu, ndani ya shati. Ningeinama kidogo tu. Sikuinama, kwa sababu nilikuwa na mashine yenye nguvu kuliko kioo kile kwenye sanduku, nami nilikuwa na haraka ya kuitumia.

Tatizo ni kwamba mashine ile haikuweza kufanya kazi shambani. Mvukuto ukifunguliwa mwanga unapungua sana, kwa hiyo unalazimika kuacha tundu la kamera wazi kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo jani halitakiwi kutikisika hata kidogo. Shambani kuna upepo. Nikaamua kuchukua majani nikayapige kituoni. Na hapa niwaambie ugonjwa wetu sisi watu wa chai: mkono. Tumechuma tangu utotoni, na hatuwezi kuona chipukizi bila vidole kulikata. Nilichuma majani kadhaa na machipukizi mawili, nikayatia kwenye mfuko wa plastiki, nikaaga. Bot Cherono aliutazama ule mfuko mpaka langoni.

Kituoni niliweka jani mezani chini ya taa mbili kubwa. Katika ukuzaji wa mara tano, punje ya vumbi inakuwa jiwe na inaharibu picha. Nilichukua brashi yangu laini ya kusafishia lenzi, ya manyoya ya ngamia, nikalisafisha jani lile taratibu, kwa upendo kabisa, mpaka likang'aa. Nikapiga. Picha ilitoka kali ajabu, kipande cha mshipa na vinyweleo viwili, hakuna kingine. Baadaye nikapiga chipukizi zima kwa lenzi ya kawaida. Lilikuwa limekaa chini ya taa zenye joto karibu saa nzima nikihangaika na mvukuto, na majani yake yalikuwa yamelala. Mtoto yeyote aliyewahi kuchungulia kiwandani anajua kwamba kazi ya kwanza ya chai ikifika ni kunyaushwa kwa hewa ya joto. Mimi nilinyausha chai mezani pangu na sikuitambua.

Kamati ilikaa kwenye banda la kupimia majani. Afisa aliinua picha zangu mbili ambazo nilikuwa nimezifanya kubwa, akasema, "Hii picha iko clear kabisa. Mdudu hakuna hapa. Na oneni vile hii majani imelala." Alieleza kwamba amefukua shina moja na hakuona dalili, lakini dalili huchelewa, na wakisubiri zionekane shamba la jirani litakuwa limekwisha. Wazee walipitisha picha mkono kwa mkono. Walikuwa na hofu kwa ajili ya chai yao wenyewe, na mimi siwalaumu. Wawili walinisifu kwa kazi nzuri.

Bot Cherono aliomba kusema. Alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuizoea sana, ili afisa asikie mwenyewe. "Hiyo majani haikulala kwangu. Kwangu ilikuwa imesimama."

Wote waliangalia ile picha. Hakuna aliyemwangalia yeye, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ndiyo maana nawaambia muogope picha kali. Picha yenye ukungu watu huiuliza maswali. Iliyo kali hawaiulizi.

Walianza kung'oa Jumatatu asubuhi. Majirani walikuja na majembe na panga, kimya, kama watu waliokuja kuchimba kaburi, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilitumwa kupiga picha za kumbukumbu. Shina la kwanza lilipotoka, mzee mmoja alibandua gome la mzizi kwa panga. Mzizi uliooza huwa na utando mweupe chini ya gome, wenye harufu ya uyoga. Huu ulikuwa safi na umelowa, rangi yake nzuri. Mzee akasema polepole kwamba hii iko sawa. Afisa akasema labda ugonjwa uko mbele, waendelee.

Niliuona mzizi ule, vijana wangu. Niliuona kwa karibu kuliko wote kwa sababu nilikuwa nimeinama na kamera. Na nilijua kwamba kama mizizi ni mizima, basi kuna kitu kibaya na picha zangu. Kusema hivyo kungekuwa kusema mbele ya watu wote kwamba fundi hajui kazi. Kwa hiyo nilipiga picha. Nilipiga ya pili na ya tatu, nikijifanya ninarekebisha mwanga. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Nimezeeka na bado naona haya kuwaeleza kwamba nilinyamaza mistari minne.

Aliyenifungua mdomo ni Bot Cherono. Alikuja akanishika mkono wa shati kama unavyomshika mtoto, akanipeleka mpaka mstari wa tano. Hakuchuma jani. Aliinamisha tawi likiwa bado kwenye mti, akaniambia, "Wewe ndiye uko na macho ya kuona karibu. Niangalilie hapa."

Nilitoa kioo kutoka ndani ya shati. Nikaangalia vumbi jekundu kandokando ya mshipa. Lilikuwa na miguu. Punje baada ya punje, utitiri wekundu, wakitembea taratibu juu ya jani la mama yule kama ng'ombe waliofunguliwa. Hao ndio walionyonya majani yakageuka kahawia, na hao ndio niliowapangusa kwa brashi yangu ya manyoya ya ngamia.

Nilisema wasimame. Majembe hayakusimama, ikabidi niseme mara ya pili. Afisa alikuja akaangalia kwa kioo, akageuza jani, akaangalia tena. Wazee wawili wakaangalia pia, mmoja akaona, mwingine akasema anaona kope zake mwenyewe. Kisha afisa akaniuliza swali ambalo sikuwa na haki ya kulikasirikia: "Juzi picha yako ilisema mdudu hakuna. Leo wewe unasema iko. Sasa mimi niambie kamati iamini gani?" Tulikubaliana kazi isimame mpaka Alhamisi, kamati ikutane tena, na nilete picha.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Baba Nyambura na mvukuto mkononi. Nilimweleza yote. Sikuwahi kumwona akinisikiliza bila kutania, na siku hiyo hakutania. Aliuliza tu ninataka kuonyesha nini. Nikasema, mdudu.

"Hapana," akasema. "Mdudu hata mimi naweza kukupatia, wako kwa maua yangu ya rosi hapo nje. Wewe unataka kuonyesha mdudu akiwa kwa majani ya huyo mama. Hizo ni vitu mbili, na lazima ziingie picha moja."

Hilo ndilo jibu la swali lenu, kama mnataka kuondoka sasa. Kabla ya kuchagua kifaa, chagua ni nini kitakaa pamoja ndani ya picha. Hapo ukubwa utajichagua wenyewe, na ukubwa ukishajulikana, vifaa vinabaki vichache sana. Mara tano ingenipa miguu ya mdudu mmoja bila jani. Ukubwa wa kawaida ungenipa jani na vumbi. Tulihitaji mara mbili hivi, ambapo kidole kinaingia kidogo, mshipa unaingia, na wadudu wanaonekana kuwa wadudu. Na ili kupata mara mbili, Baba Nyambura alirudisha mvukuto wangu kwenye sanduku, akachukua lenzi ile ile ya hamsini, akaigeuza, akaweka pete tatu za kurefusha nyuma yake. Basi.

Mwanga ulikuwa wa flashi ndogo, imefungwa kwenye mkono wa chuma uliochomelewa na fundi wa soko, ikakaa kando ya lenzi, na leso nyeupe mbele yake ili mwanga usichome. Ukitumia flashi huhitaji stendi ya miguu mitatu, kwa sababu mmweko ni mfupi kuliko mtikisiko wa mkono wako. Upande wa pili tuliweka sahani nyeupe ya bati ya kurudishia mwanga kwenye kivuli. Tundu la lenzi alilifunga kiasi, si mpaka mwisho, kwa sababu ukilifunga kabisa katika ukuzaji mkubwa picha nzima inalainika. Akanikumbusha kwamba kwa karibu namna hiyo hutafuti ukali kwa kuzungusha lenzi. Unashika pumzi na kusogea mwenyewe, mbele na nyuma, kwa upana wa unywele. Na filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, maana slaidi za rangi zilikuwa lazima ziende Nairobi kusafishwa, na sisi tulikuwa na siku mbili. Rangi haikuwa na kazi. Tulihitaji miguu.

Jumatano asubuhi, kabla upepo haujaamka, nilikuwa Kimulot. Nilisimika mwavuli upande wa msitu wa Mau kuzuia hewa, nikabana tawi kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti. Halikutulia vizuri. Bot Cherono alisema yeye atalishika. Aliweka kidole gumba kando ya mshipa, karibu na wadudu, na nikamwomba asisogee na asichume. Nilipiga filamu nzima. Mara kwa mara vidole vyake vingine vilibana kikonyo cha jani, kisha vikalegea. Ni mkono uliochuma maisha yote, umeshika jani na kunyimwa kulikata. Niliona pia nyufa za kidole kile, zenye weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni. Nyuma yake mistari minne ilikuwa udongo mtupu.

Nilipomaliza aliniuliza, "Sasa naweza kuachilia?" Nikamwambia ndiyo mama. Aliliachilia tawi polepole likarudi mahali pake.

Alhamisi kamati iliona picha. Ilikuwa na dosari zake, kona moja ilikuwa na giza na nusu ya wadudu walikuwa nje ya ukali. Lakini kidole kilikuwepo, kila mtu akakijua kidole cha mkulima, na karibu na kucha walikuwepo wale utitiri, kwenye jani lililosimama. Mzee aliyeona kope zake mwenyewe alihesabu miguu kwa sauti mpaka minane. Michai iliyobaki haikung'olewa. Ilinyunyiziwa dawa, na mvua ya mwezi wa tatu iliposhuka ikasafisha wadudu waliobaki, na kufikia katikati ya mwaka shamba lilikuwa la kijani tena, isipokuwa pale palipokuwa na mistari minne.

Mbele ya kamati nilisimama nikasema kwamba picha za kwanza zilikuwa kosa langu, kwamba niliwapangusa wadudu nikidhani ni vumbi la murram, na kwamba majani yalilala mezani kwangu. Afisa naye akasimama akasema alipaswa kufukua mashina mengine matatu kabla ya kuniamini, na tangu siku ile nilimheshimu. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi.

Baada ya kikao nilimfuata Bot Cherono nje kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo ya mvukuto, ya mwanga, jinsi mashine ile inavyoona mahali padogo mno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira yoyote, na ningependa angekuwa na hasira: "Weri, mimi sijui mashine. Mimi nilikuambia, na ukapangusa."

Alinisamehe, maana kila nilipopita Kimulot alinipa maziwa, na Cherono alipoolewa nilipiga picha za harusi. Lakini mistari ile minne hakuipanda chai tena. Aliweka nyasi za ng'ombe. Niliwahi kumwambia kituo kinaweza kumpa miche, akasema ile michai ilibebwa na watu wawili. Sikurudia kumuuliza. Alifariki miaka mingi baadaye, na siku ya mazishi nilisimama kwenye nyasi hizo kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi ya watu kusimama.

Kwa hiyo mkiniuliza mnunue nini, nitafungua lile sanduku mlilokuwa mnaliangalia tangu mlipoingia. Lenzi ya hamsini imo, bado safi. Pete tatu zimo, na pete ya kugeuzia. Flashi imekufa, mtapata nyingine. Mvukuto nao chukueni, plasta bado imeshika, siku moja mtapata kazi ambayo kweli inauhitaji. Kioo kina kamba mpya ya kiatu, na hicho anivalie mtu shingoni kwa wiki moja kabla ya kugusa hivyo vingine.

Brashi ya manyoya ya ngamia mniachie.